Mabomba na mipira mipya ya breki kwenye Land Rover 109 ya zamani

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Tukuyu. Marehemu baba ameniachia Land Rover 109 Series III ya mwaka 1975, ya petroli, breki za dramu magurudumu yote. Imekaa bandani muda mrefu, sasa nataka kuirudisha barabarani. Nikikanyaga breki inavuta kulia, nikiachia inavuta kushoto, na gurudumu la mbele kushoto linapata moto mpaka linanuka. Fundi mmoja anasema nitoe mabomba yote ya chuma niweke shaba ya friji. Mwingine anasema niagize mipira ya kisasa iliyosukwa waya. Mimi nataka ibaki Land Rover ya baba, ila niweze kushuka nayo Kyela bila hofu. Nifuate ushauri wa nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Usifuate ushauri wa hao wawili. Badilisha mabomba yote ya breki na mipira yote mitatu (yale mabomba laini yanayopinda), yaani miwili ya mbele na ule mmoja unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Mabomba yawe ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Mipira iwe ya kawaida, mipya, ya kiwanda kinachoaminika. Ile ya waya iache, na shaba ya friji isiguse kabisa breki za gari hilo. Sababu nitakupa moja moja, lakini kabla hujatoa hela mfukoni hakikisha ugonjwa uko wapi.

Maelezo yako yananipeleka moja kwa moja kwenye mpira wa mbele kushoto. Mpira wa breki ukizeeka huharibika kuanzia ndani. Nje utauona mzima, mweusi, pengine una vinyufa vidogo tu, kumbe ndani ukuta wake umevimba na njia ya mafuta ya breki imebaki nyembamba sana. Ukikanyaga, mguu wako una nguvu za kutosha kuyasukuma mafuta yapite, ila yanachelewa. Gurudumu la kulia linashika mapema, gari linavuta kulia. Ukiachia, springi za shuu (vile vipande vinavyokandamiza dramu inayozunguka na gurudumu) hazina nguvu ya kuyarudisha mafuta kwenye njia ile nyembamba. Presha inabaki imefungiwa kwenye silinda za gurudumu la kushoto, shuu zinaendelea kusugua, dramu inachemka, na sasa gari linavuta kushoto.

Kuthibitisha hakuhitaji mashine. Weka kabari magurudumu ya nyuma, nyanyua mbele kwa jeki na uweke stendi chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Mtu akanyage pedali mara kadhaa kisha aachie. Kama gurudumu la kushoto limeshika, legeza kidogo ile nati ambapo bomba la chuma linaungana na mpira, upande wa chesesi. Gurudumu likiachia hapo, shida iko juu, kwenye masta silinda, yaani silinda kuu inayosukumwa na pedali: mara nyingi fimbo ya pedali haina nafasi ya kucheza, au kitundu cha kurudishia mafuta kimeziba. Likiendelea kushika, kaza nati hiyo, nenda nyuma ya gurudumu ufungue nipeli ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likazunguka, mpira ndio mgonjwa. Lisipozunguka hata hapo, fungua dramu. Utakuta pistoni za silinda zimeganda kwa kutu, au springi zimechoka. Ukiwa hapo, kumbuka kwamba 109 ina silinda mbili kwenye kila gurudumu la mbele, zimeunganishwa na kijibomba kifupi nyuma ya sahani ya breki. Kijibomba hicho hufunikwa na tope, na mafundi wengi hukisahau wanapobadilisha mabomba. Kioze au kisioze, nacho kibadilishwe.

Hata kama vipimo vitaonyesha mpira mmoja tu, badilisha yote mitatu. Ilizaliwa pamoja, imezeeka pamoja.

Sasa ile mipira ya waya. Ndani yake kuna mrija wa Teflon, nje umesukwa waya wa stenlesi. Faida yake ni kwamba hautanuki presha inapopanda, kwa hiyo pedali inakuwa ngumu na inajibu haraka. Kwenye gari la mashindano lenye breki za diski, faida hiyo dereva anaisikia mguuni. Kwenye dramu za 109 hutaisikia sana, kwa sababu sehemu kubwa ya mwendo wa pedali inakwenda kuziba nafasi kati ya shuu na dramu. Pedali ya Land Rover ikizama, kwanza kaza ajasta (vichwa vya kusogezea shuu) zilizo nyuma ya sahani za breki mpaka shuu ziguse, kisha ulegeze kidogo gurudumu lizunguke huru. Kazi hiyo ya nusu saa inabadilisha pedali kuliko mipira ya bei yoyote.

Hasara zake, kwa barabara zetu, ni nyingi kuliko faida. Vumbi la kiangazi na tope la masika huingia kati ya nyuzi za waya na kuusaga mrija taratibu. Waya wenyewe ukigusa kitu, unakikwangua kama tupa, iwe ni bomba, tairi au ganda la waya wa taa. Ukikunjika vibaya mara moja tu, mrija wa ndani umeumia, na kwa nje huoni kitu. Mpira wa kawaida unakuonyesha dalili: unavimba, unapasuka ngozi, unalowa. Kwa mtu anayeishi Tukuyu na anayejikagulia gari lake mwenyewe, naupendelea mpira unaoonyesha dalili. Kama bado roho yako iko kwenye waya, basi angalau tafuta ile iliyovikwa ganda la plastiki juu.

Ukienda kununua mipira, iwe Mwanjelwa au umwagize mtu Kariakoo, soma maandishi yaliyo juu ya mpira wenyewe. Mpira wa breki halali umeandikwa kiwango chake, kwa mfano SAE J1401 au DOT, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Usioandikwa kitu, urudishe. Na tarehe uiangalie kweli, maana mpira huzeeka hata ukiwa kwenye rafu ndani ya mfuko wake, na spea za magari ya zamani ndizo zinazokaa dukani muda mrefu kuliko zote.

Kuhusu shaba ya friji, niseme wazi kwa sababu nimeiona kwenye magari yanayobeba watu. Shaba tupu ni laini siku unapoifunga. Ikitikiswa mwezi baada ya mwezi inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inapasuka, kwa kawaida pale pale karibu na nati ambapo huoni. Tena bomba la friji haliji kwa kipimo cha breki, kwa hiyo anayelifunga analazimika kutumia viungio vya pete vya mafundi bomba. Presha ya breki ukikanyaga kwa nguvu inaweza kupita bari 70. Maji ya bomba la nyumbani ni bari chache tu. Kiungio cha pete kilichotengenezewa maji kinaweza kuchomoka siku unayoihitaji breki kuliko siku zote. Hiyo tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo isikaribie breki. Kwenye breki nyuzi za nati hazizuii mafuta hata kidogo, kinachozuia ni mdomo wa bomba unavyokandamizwa kwenye kikalio chake. Tepu inazuia mdomo usikae sawasawa, na vipande vyake vikikatika vinasafiri hadi masta silinda.

Shaba-nikeli ni kitu kingine kabisa. Ni shaba kama asilimia 90, nikeli asilimia 10, na chuma kidogo. Haishiki kutu, haichoki upesi kwa mtikisiko, na inakunjika kwa mkono bila kubonyea. Volvo walianza kuitumia kwenye magari yao miaka ya 1970, kwa hiyo umri wake ni sawa na wa gari la mzee. Mabomba ya chuma mapya nayo ni salama, sina ugomvi nayo, ila kwa mvua za Rungwe yatakurudisha chini ya gari mapema. Rangi ya shaba-nikeli imefifia, ya kijivu yenye wekundu kwa mbali. Ikishafungwa chini ya chesesi, Land Rover inabaki ya baba yako kama ulivyotaka.

Kipimo cha bomba ni inchi 3/16, yaani kama milimita 4.75. Lakini usiniamini mimi tu, pima kila kipande kwa kalipa, maana gari la miaka mingi limepita mikononi mwa mafundi wengi. Pima urefu kwa kamba kabla ya kununua, ukifuata kona zote. Na mabomba ya zamani usiyatupe unapoyatoa. Yatoe mazima kadiri inavyowezekana, uyalaze chini, uyakunje mapya kwa kuyafuata.

Hapa kwenye nati ndipo naomba utulie. Land Rover ya mwaka wako ilitoka kiwandani na nyuzi za inchi: 3/8 UNF, nyuzi 24 kwa inchi. Magari ya Kijapani na ya Ulaya yaliyojaa mjini yanatumia M10 ya nyuzi za milimita moja. Upana wa kwanza ni milimita 9.5, wa pili 10, na nafasi kati ya uzi na uzi inakaribiana sana. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiichukua nati ya 3/8 ukaiingiza kwenye tundu la M10, inaingia, inazunguka, hata inakaza kidogo. Halafu siku unakanyaga kwa nguvu nyuzi zinakatika na nati inatoka. Na kwa kuwa spea zilizochanganywa ni jambo la kawaida kwenye magari haya, usidhani kwamba kila tundu bado ni la inchi. Pengine kuna silinda iliyobadilishwa, pengine kiungio cha njia tatu kilitoka kwenye gari jingine.

Kipimo cha uhakika ni geji ya nyuzi, ambayo ni kifaa cha bei ndogo. Usipokuwa nayo, tumia vidole. Nati safi kwenye tundu lake halali inaingia kwa vidole mizunguko kadhaa bila kukaza na bila kucheza. Ikikaza mapema, simama. Ikichezacheza pembeni, simama vilevile. Usimruhusu mtu yeyote aimalizie kwa spana.

Baada ya nati, mdomo wa bomba. Magari ya Kiingereza ya wakati ule yana midomo ya aina mbili. Bomba lenye nati dume huwa na mdomo uliotunga mbele kama kibonge, na bomba lenye nati jike huwa na mdomo uliokunjwa mara mbili ukafunguka mithili ya faneli. Ukibadilisha mmoja kwa mwingine, mdomo haukai kwenye kikalio, unavuja, fundi anakaza zaidi, kikalio kinaharibika, na sasa unahitaji silinda mpya. Kabla hujakata bomba la zamani, angalia mdomo wake, angalia na tundu lake, piga picha kwa simu.

Kupiga mdomo mzuri ni kazi ya subira. Kata bomba kwa kikata bomba cha gurudumu dogo, siyo kwa msumeno, ili mkato uwe wima. Toa makali ya ndani na ya nje. Vika nati kwanza, na uhakikishe inatazama upande sahihi. Weka tone la mafuta ya breki kwenye ncha, kisha ubane na kusukuma pole pole. Ukishatoa, shika mdomo huo kwenye mwanga wa jua na uuzungushe mbele ya jicho. Unatafuta duara lililo sawa pande zote, lililo katikati ya bomba, uso wake laini bila mstari wowote. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, huo ni ufa. Ukiona upande mmoja mpana kuliko mwingine, bomba liliteleza kwenye kibanio. Kata, anza upya. Piga midomo ya majaribio kwenye kipande cha ziada mpaka mkono uzoee, ndipo uguse bomba la gari.

Unapofunga, puliza kila bomba kwa hewa na uzibe ncha zake mpaka dakika ya kuliunganisha. Lipitishe mbali na paipu ya ekzosi na mbali na kingo kali za chesesi, ulifunge kwa klipu kila baada ya kama sentimita 30. Bomba linaloning'inia hukatika. Mpira unaanza kufungwa upande wa gurudumu, kisha unaushika kwenye mabano yake upande wa chesesi, mwishoni unaleta nati ya bomba. Wakati unakaza nati hiyo, shika kichwa cha mpira kwa spana ya pili, la sivyo utausokota bila kujua. Mipira mingi ina mstari wa rangi kwa urefu wake, na mstari ukizunguka, mpira umesokotwa. Halafu kata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, gari likiwa chini na likiwa limenyanyuliwa ekseli ikining'inia. Mpira usivutike na usiguse tairi wala springi katika hali yoyote kati ya hizo.

Silinda za magurudumu na masta silinda zifunguliwe pia. Mabomba mapya yatapeleka presha kamili kwenye gasketi (pete za mpira zinazozuia mafuta ndani ya silinda) ambazo hazijaiona kwa miaka mingi. Ukikuta vishimo vya kutu kwenye kuta za silinda, nunua nyingine. Kuoshea tumia mafuta ya breki yenyewe au spiriti. Petroli, dizeli na oili ya injini huvimbisha gasketi za breki, na mtu aliyewahi kuongeza oili kwenye chombo cha breki lazima abadilishe kila kitu cha mpira kilichoguswa. Na uangalie kama masta silinda yako ina chumba kimoja au viwili. Yenye kimoja ina mzunguko mmoja, maana yake kiungio kimoja kikiachia popote, pedali yote inazama na unabaki na hendibreki. Ndiyo sababu nimekaa sana kwenye nati na midomo.

Mafuta ya breki chukua daraja la DOT 4. Yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa yenyewe, hata chombo kikiwa kimefungwa, na Tukuyu ni mji wa mvua na ukungu. Kutoka kwako, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hadi Kyela karibu na mita 500, unashuka kilomita nzima kwenda chini. Mafuta yenye maji yakichemka kwenye mteremko huo yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inafika sakafuni. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili, kwa Rungwe hata kila mwaka si hasara. DOT 5, ile ya silikoni, usiichanganye na haya. Na yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwagia maji papo hapo, yanabandua rangi.

Kabla ya kutoa upepo, kaza ajasta zote shuu ziguse dramu, hewa itatoka upesi zaidi. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, malizia la karibu. Kama masta silinda ni ile ya zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali isishuke hadi mwisho, kwa sababu gasketi ikipita kwenye eneo lenye kutu ambalo haijawahi kufika, inachanika. Ukimaliza, rudisha ajasta mpaka magurudumu yazunguke huru.

Kisha mtu akae akanyage kwa nguvu zake zote, ashikilie dakika moja mpaka mbili, wewe upite na karatasi kavu ya tishu kila kiungio. Tishu ikilowa popote, au pedali ikizama hata kidogo, gari halitoki. Likifaulu, lijaribu kwenye uwanja tambarare, polepole, kisha kwenye barabara isiyo na mteremko.

Jambo moja mabomba mapya hayawezi kukufanyia: dramu zikipata moto sana, lainingi, yaani ile ngozi ya shuu inayosugua dramu, hupoteza mshiko hata kama mafuta ni mapya na presha imejaa. Ukianza kushuka, weka gia ambayo injini itakuzuia, iweke kabla ya mteremko, usisubiri mwendo ukolee. Kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia dramu zipoe, kanyaga tena. Usiache mguu juu ya pedali njia nzima. Safari ya kwanza ya Kyela ifanye bila mzigo, usimame njiani na upitishe mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Joto la magurudumu mawili ya ekseli moja linapaswa kukaribiana. Moja likizidi sana, rudi kwenye kile kipimo cha kulegeza nati na nipeli.

Kama huna kifaa cha kupigia midomo, peleka mabomba yako yakiwa yamekatwa kwa fundi mwenye kifaa kizuri, ubebe na vipande vya zamani avione, usimame hapo hapo ukague kila mdomo kabla hujalipa. Baada ya wiki ya kwanza barabarani, ingia tena chini na tishu.